Nikimnyang'anya simu, ninamnyang'anya na mama

Mama Mshauri,

Salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Mimi ni msichana wa miaka 25. Kazi yangu ni kutuma na kutoa pesa kwa simu. Kibanda changu kiko karibu na mpaka, kwa hiyo nina laini za Uganda na za Kenya, na tangu asubuhi hadi saa mbili usiku simu hazinitoki mkononi. Nalitaja hili mapema kwa sababu shida yangu ni ya simu, na mdogo wangu amekwisha kunirudishia neno hilo.

Tumebaki wawili na Mama. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na Mama alitulea kwa kuuza mukene, yaani dagaa wa ziwani, aliyekuwa akimtoa Majanji. Mwezi wa kwanza mwaka huu alikwenda Riyadh, Saudi Arabia, kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili. Alikwenda kwa ajili ya karo. Mimi nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa kozi ya uhasibu kule Mbale. Akaniomba niisimamishe, nirudi nikae na mdogo wangu. Nilikubali.

Mdogo wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Kidato cha kwanza na cha pili alikuwa mtoto wa katikati, si wa kwanza si wa mwisho. Redio ya jirani ikiharibika, anaitwa yeye. Ripoti ya muhula wa kwanza, iliyotoka mwanzoni mwa mwezi wa tano, ilikuwa imeshuka. Sikujali sana. Likizo hiyohiyo Mama akatuma pesa, akasema tumnunulie simu janja, ili amwone mwanawe kwa video, na pia ili mtoto asomee, maana mtaala huu mpya unawatuma watoto wakatafute mambo wenyewe. Tukanunua simu ya shilingi 350,000.

Kuanzia hapo ni kesho, kesho. Nafunga kibanda, nafika nyumbani, namkuta amelala chali, simu iko juu ya uso. Namuuliza, kazi ya historia umefanya? "Nitaamka mapema niifanye." Saa kumi na moja na nusu anaamka macho mekundu, saa kumi na mbili na nusu yuko njiani, daftari halijaguswa. Nikimnyima bando anatumia laini ya Kenya aliyopewa na rafiki yake, maana mtandao wa ng'ambo unafika hadi kitandani kwake. Usiku anakaa macho hadi saa sita, saa saba. Anasema anamngoja Mama. Ni kweli Mama hupiga akimaliza kazi, mara nyingi saa tano au saa sita usiku, lakini si kila siku. Wiki nyingine mara tatu, wiki nyingine mara moja. Katikati ya hapo ni TikTok, mpira, na video za vijana wanaofungua injini.

Ripoti ya muhula wa pili ndiyo iliyonitoa machozi. Siku hizi walimu wanatoa alama kwa zile kazi za mwisho wa mada, na ya juu kabisa ni 3. Fizikia alipata 1.9. Kiingereza 1.1, historia 1.0, na jiografia pameachwa wazi kwa sababu hakupeleka kazi hata moja. Kilichoniuma zaidi ni projekti. Walitakiwa kutengeneza kitu kutokana na taka, kisha waandike ripoti. Yeye alitengeneza makaa ya kupikia kwa maganda ya ndizi na vumbi la mkaa. Alijifunza kwenye simu, akahangaika nayo hadi yakashika moto, na mimi mwenyewe nilipikia maharage yakaiva. Lakini ripoti ya kurasa nne hakuiandika. Wiki tatu nzima aliniambia kesho. Mwalimu akasema bila ripoti hakuna alama.

Mwezi wa saba nilimnyang'anya simu kwa siku tisa. Nilidhani atasoma. Akawa anarudi kutoka shuleni, anachota maji, anaosha vyombo bila kuambiwa, kisha analala akitazama mabati. Daftari halikufunguliwa. Usiku wa siku ya nne Mama alipiga kwangu mara saba, na mimi nilikuwa nimelala, sauti nimezima. Nilipompigia asubuhi alikuwa analia, akidhani mmoja wetu amekufa. Siku ya kumi nikarudisha simu. Mdogo wangu aliniambia neno ambalo silisahau: "Wewe una simu nne, mimi nina Mama mmoja."

Mjomba anasema nimletee hiyo simu aiponde kwa nyundo. Mwalimu wa darasa anasema mwakani ni UCE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, nimtafutie shule ya bweni ambako simu haziruhusiwi. Pesa ya bweni itabidi Mama aitafute, na Mama hajui lolote. Akiuliza habari za masomo, sote wawili tunasema mazuri. Wakati mwingine namtazama mdogo wangu nasikia chuki moyoni, kisha naogopa. Nifanye nini?

Dada Mlezi, Busia

Jibu

Binti yangu,

Barua yako niliisoma kwanza kama mama, nikasikia uchungu. Kisha nikaisoma tena na kalamu mkononi, nikiandika miezi pembeni, na hapo niliona jambo ambalo naomba tulitazame pamoja.

Unaniambia kwamba mdogo wako ameshuka darasani kwa sababu ya simu, kwamba kila kazi anaisogeza mbele, na kwamba ukimnyang'anya simu hiyo unamnyang'anya na sura ya mama yake. Wazee na walimu wanataka uchague, nawe umebaki katikati bila wa kuegemea. Nakuelewa. Lakini tazama miezi uliyoiandika kwa mkono wako. Mama aliondoka mwezi wa kwanza. Ripoti iliyoshuka ilitoka mwanzoni mwa mwezi wa tano. Simu ilinunuliwa baada ya ripoti hiyo, wakati wa likizo. Kwa hiyo mteremko ulianza kabla ya simu kuingia nyumbani. Sisemi simu haina makosa. Huenda imeuongeza mteremko, na nitafika huko. Ila nakuomba usiharakishe kusema kwamba ndiyo iliyouanzisha, kwa sababu kitu kilichoanza na kuondoka kwa Mama huenda kisiishe kwa kuondoka kwa simu. Zile siku tisa zilikuonyesha kitu cha namna hiyo: simu haikuwapo, na daftari halikufunguliwa.

Jambo la pili ni neno uvivu. Hukuliandika, lakini nalisikia chini ya barua nzima, na nina hakika Mjomba analitamka wazi. Huyu kijana anachota maji, anaosha vyombo bila kuambiwa, anatengeneza redio za majirani, na alihangaika na maganda ya ndizi hadi ukapikia maharage. Mvivu hafanyi hivyo. Ukitazama vizuri, hasogezi mbele kila kitu. Anasogeza kuandika. Historia, jiografia, Kiingereza, ripoti ya kurasa nne, zote zinadai akae na karatasi, tena kwa lugha ya Kiingereza ambayo sidhani ndiyo mnayoongea mkila ugali. Fizikia, ambayo ina vitu vya kushika, amejikongoja hadi 1.9.

Fikiria alikuwa wapi shule zilipofungwa Machi 2020. Kama leo ana miaka 16, alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Kwa watoto wengi wa Uganda milango haikufunguka kikamilifu hadi Januari 10, 2022, na hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule muda mrefu kuliko sisi. Wengine walirudi darasani wakasukumwa mbele pamoja na wenzao, na pengo likabaki pale ambapo mtoto alitakiwa kuwa anajifunza kupanga maneno yake katika aya. Nimefundisha, na nimewaona watoto wa aina hii: ana akili, ana mikono, anaongea vizuri, lakini ukimpa karatasi nyeupe anatoka jasho. Sijui kama mdogo wako ni mmoja wao. Wewe unaweza kujua kwa kukaa naye dakika kumi tu na daftari lake la historia la kidato cha kwanza, si kwa kumhoji, kwa kusoma tu alivyoandika.

Nikueleze kwa nini naona hili lina uzito. Timothy Pychyl wa Kanada na mwenzake Fuschia Sirois, watafiti ambao wamechunguza tabia ya kuahirisha kwa miaka mingi, waliandika mwaka 2013 kwamba mtu anayesema kesho kila siku mara nyingi hashindwi kupanga saa zake. Anakimbia hisia mbaya ambayo kazi hiyo inamletea. Akiiweka kando anapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kuahirisha tena. Sasa mpe kijana kama huyo simu. Nafuu iko mfukoni, inawaka muda wote, na kila video ikiisha nyingine inaanza yenyewe. Hapo ndipo simu inapoingia, na ndiyo maana siwezi kukuambia uipuuze. Ila ukiitoa bila kugusa hofu iliyo chini yake, atatafuta pa kujificha kwingine. Mdogo wako alijificha kwenye mabati ya dari.

Halafu kuna usiku. Hapa nilisimama kwa muda mrefu. Unasema anakaa macho hadi saa saba akidai anamngoja Mama, nawe unalisikia kama kisingizio, kwa sababu Mama hapigi kila siku. Mimi nalisikia tofauti kidogo. Mama angepiga kila Ijumaa saa tatu, kijana angejua, angelala siku nyingine. Simu ya Mama haina siku, kwa hiyo kila usiku unaweza kuwa ndio wenyewe. Mtu anayengoja namna hiyo hawezi kusoma na hawezi kulala, anaweza tu kupitisha muda, na simu imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Piga hesabu: akilala saa saba na kuamka saa kumi na moja na nusu, amelala saa nne na nusu. Wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa umri wake anahitaji kati ya saa nane na kumi. Hata mtoto asiyeshika simu kabisa, ukimlaza saa nne na nusu muhula mzima, alama zitashuka.

Inawezekana nakosea, na kwamba kungoja kwa kweli ni usiku mmoja kati ya mitano, na iliyobaki ni TikTok tu. Wewe unaishi naye. Lakini kuna njia ya kujaribu isiyovunja kitu. Saa za Riyadh na za kwetu ni sawa, kwa hiyo si tatizo la majira, ni tatizo la kazi ya Mama. Muulizeni kama kuna siku mbili katika wiki anazoweza kuzitaja, hata kama ni saa tano usiku. Kama mwajiri wake hampi siku ya uhakika, na wengi hawapewi, basi awe anaacha ujumbe wa sauti, dakika mbili, ambao mtoto ataukuta asubuhi akinywa chai. Usiku usio wa Mama, simu zote zilale sebuleni au kwenye chumba chako, na moja iachwe na sauti. Nimesema simu zote, pamoja na zako nne. Lile neno lake kuhusu simu nne na Mama mmoja lilikuuma kwa sababu lina ukweli ndani. Simu zako ni kazi na ndizo zinazowalisha, hilo analijua. Ila baada ya saa tatu usiku kibanda kimefungwa, na kama wewe unaendelea kuperuzi huku ukimwambia aache, neno lako linakosa miguu.

Hatari ya mpango huu ni kwamba utachoka kuusimamia. Wiki ya pili atapata laini nyingine, wiki ya tatu utasahau. Nchi yetu imejaribu vizuizi vikubwa kuliko vya nyumba yako. Facebook ilifungwa Januari 2021, na watu wakaendelea kuingia kwa VPN, zile programu za kukwepa kizuizi. Huko mpakani, ambako mtandao wa jirani unavuka bila pasipoti, sioni jinsi utakavyoishinda simu kwa kufuli peke yake. Ndiyo maana ningependa apange masharti hayo pamoja nawe, tena aseme yeye kwanza anaona saa ngapi zinafaa. Huenda akataja saa mbaya. Mbishane. Kijana wa miaka 16 anailinda ahadi aliyoitoa mwenyewe kuliko amri aliyopewa, ingawa si kila siku.

Nyundo ya Mjomba siitaki. Najua anakupenda na anataka kukutua mzigo, nawe umjibu kwa heshima. Lakini simu ile Mama aliinunua kwa jasho la ugenini, na kuipondaponda mbele ya mtoto ni kumwambia kwamba jasho hilo halina thamani. Hapo sina shaka.

Bweni ni jambo gumu zaidi na sitakukataza. Kuna watoto ambao bweni liliwaokoa: kengele ya kusoma, taa inayozimwa saa ya kulala, wenzake wote wameinama kwenye vitabu. Mdogo wako angeweza kuwa mmoja wao, hasa kwa usingizi. Upande wa pili, mtoto aliyeachwa na mama mwezi wa kwanza anaweza kuliona bweni kama kuachwa na dada mwezi wa pili wa mwakani. Na likizo atarudi, simu itakuwa palepale, naye atakuwa na njaa nayo. Kabla hujaamua, waulize walimu wa shule zote mbili alama zake za darasani zitahamaje. Mtaala huu ulioanza na kidato cha kwanza cha 2020, ambao kundi lake la kwanza lilifanya UCE mwaka 2024, unahesabu kazi za darasani kuwa asilimia 20 ya matokeo na mtihani wa mwisho asilimia 80. Uliza pia karo na ile orodha ya vitu, godoro, sanduku la bati na makaratasi, kisha ujiulize Mama atazitoa wapi. Akizipata kwa kukopa, deni hilo nalo litalala na mdogo wako kitandani.

Maana deni analo tayari. Mama amekwenda kufua na kupika katika nyumba ya watu ili yeye asome. Wewe umeacha kozi ili yeye asome. Kijana akikaa mbele ya karatasi, kila sentensi inapimwa na hayo yote. Angekuwa hajali, kama unavyomdhania siku mbaya, asingehitaji kukimbia.

Ndiyo maana lile neno "mazuri" mnalomwambia Mama linanisumbua. Uliliandika kama siri unayoibeba wewe, lakini anayeulizwa saa sita usiku kwa video ni yeye. Anakaa macho kumwona mtu anayempenda kuliko wote, na akimwona, jambo la kwanza anamdanganya. Sijui kama kuna kitu kinachomchosha mtoto zaidi ya hicho. Kumwambia Mama kuna hatari yake: yuko mbali, hawezi kufanya kitu, anaweza kulia usiku kucha na kuamka kazini amevunjika, anaweza hata kutaka kukatisha mkataba. Kutomwambia nako kuna hatari yake. UCE itakuja, na siku ya matokeo atajua kila kitu kwa pamoja, na kwamba mlijua. Kati ya hizo mbili mtachagua ninyi. Ninachofikiria ni kwamba habari hii ingekuwa nyepesi kidogo kama angeisema mdogo wako mwenyewe, nawe umekaa ubavuni pake, na kama ingekuja pamoja na kitu anachokifanya tayari, hata kidogo.

Na wewe? Chuki unayoiogopa, nadhani nyingi yake si ya mdogo wako. Una miaka 25, ulikuwa na kozi, ulikuwa na marafiki Mbale, umerudishwa nyumbani kuwa mzazi. Uliandika "Nilikubali" ukakata hapo. Hukuniambia kama ulitaka. Hasira hiyo ukiinyima mlango inaingia nawe chumbani kila ukiuliza "umefanya?", naye anaisikia hata ukiuliza kwa upole. Mtafute mtu wa kuongea naye, rafiki, jirani aliyekuzidi umri, mama wa kanisani au msikitini. Na ukiongea na Mama, sema pia habari yako. Uulize kozi yako itangoja hadi lini. Huo si uchoyo.

Kuhusu kuandika, anza padogo sana. Mwambie aweke saa dakika kumi na tano, simu ikiwa chumba kingine, aandike sentensi tatu mbaya za historia kisha aache. Zikiwa mbaya, usizisahihishe siku hiyo. Pychyl huyohuyo na wenzake, mwaka 2010, waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo na kuona kwamba waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo kuliko wasiojisamehe kabla ya mtihani uliofuata. Wale ni wa Kanada na huyu ni wa Busia, lakini lawama zinafanana. Zile wiki tatu za projekti, jaribu kutozitaja tena kwa mwezi mmoja uone.

Wiki hii, kabla ya kuuliza habari za bweni, nenda kwa mwalimu umuulize kama ile ripoti ya makaa bado inaweza kupokelewa, hata kwa alama pungufu. Kisha Jumamosi funga kibanda mapema. Mwambie mdogo wako atengeneze makaa tena mbele yako, na hiyo simu yake iwekwe juu ya ndoo ikirekodi sauti, akueleze hatua kwa hatua, kwa Kiswahili au kwa Kisamia, anavyopenda: maganda anayakausha siku ngapi, vumbi kiasi gani, kwa nini ya kwanza yalivunjika. Akimaliza, tayari ripoti anayo mdomoni mwake. Jumapili atasikiliza na kuandika ukurasa mmoja, nawe ukae mezani na daftari lako la hesabu za kibanda. Na ile sauti, kama atakubali, mtumieni Mama.